Kiti Kisicho na Breki

Nakuru, Jumapili

Mama Mwende,

Natumai mko wazima huko Kitui, wewe na watoto, na kwamba mvua imewafikia. Kifua cha Mwende kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Nakaa dakika mbili, nasimama. Leo kanisani sikusikia hata mahubiri.

Unajua kazi yangu hapa ni kufundisha watu kuendesha gari. Miaka kumi na moja nimewaambia wanafunzi, "Pole pole, punguza," mguu wangu ukiwa kwenye breki ya mwalimu. Sasa boss amefungua darasa la Jumamosi. Mtu akitaka kuonja mashindano ya magari, si lazima awe na gari lake. Anakodisha letu, anavaa helmeti, na mwalimu anakaa kando yake wakizunguka njia ya vumbi kwenye shamba la zamani la mkonge, upande wa Solai. Magari hayo hayana breki ya mwalimu.

Jana nilipewa mama mmoja wa Kabazi, mwenye posho mill ya kusaga unga, rika la mama yako. Nikamuuliza kilichomleta.

"Nimebeba mahindi na pickup maisha yangu yote," akasema. "Nataka kujua gari inaendaje ikiwa haijabeba kitu."

Alianza vizuri. Mzunguko wa tatu akaingia kona kwa kasi, nikaogopa, nikavuta hendibreki. Gari likazunguka mara mbili, likasimama katikati ya mkonge, limetazama tulikotoka. Hatukuumia. Alizima injini, akanigeukia.

"Mwalimu, hiyo kona nilikuwa nimeishika."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Wewe umewahi kukimbiza gari?"

Nikasema hapana. Akafungua mkanda. "Basi shuka tubadilishane."

Boss alicheka, akakubali. Mizunguko miwili niliendesha kama niko kwenye mtihani wa polisi. Wa tatu nikaachilia. Nikahisi magurudumu ya nyuma yakiteleza, na mikono yangu ikayarudisha kabla sijafikiria. Nilicheka kwa sauti, Mama Mwende. Yule mama naye akacheka, ameshikilia magoti yake.

Jumamosi ijayo kuna mashindano madogo ya wanaoanza. Boss anasema gari lipo nikitaka, na nimechukua fomu. Nimeijaza yote isipokuwa sahihi. Kuna mahali wanauliza apigiwe nani simu jambo likitokea. Nimeandika jina lako, kisha nikashindwa kuendelea. Siwezi kukuweka pale na wewe hujui.

Msalimie mama. Msalimie pia mdogo wangu Kyalo anayetuangalizia ng'ombe, lakini haya usimwambie bado, atapanda basi aje.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Ningekupigia, lakini ungesema hapana kabla sijafika kwenye habari za yule mama wa Kabazi. Sasa umesoma yote. Niambie nisaini au nisisaini, nami nitafanya hivyo.

Mumeo,
Baba Mwende