Aya ya Nne na Saa ya Kwanza ya Ukumbi

Itigi, Jumamosi, mwezi wa tisa.

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Sina homa wala sina njaa. Nina kinyaa tu, na hakitoki hata nikisukutua kwa maji ya chumvi.

Ninaandika haya saa tisa na nusu alasiri. Kabla ya saa kumi na moja ninapaswa kurudisha karatasi iliyo mbele yangu, ikiwa na sahihi yangu au bila sahihi yangu. Ni orodha ya nyimbo zitakazopigwa jioni hii katika saa ya kwanza ya ukumbi mpya wa starehe, uliojengwa nyuma ya maghala ya asali, mahali ambapo mtu akikohoa sisi tulio mtaa wa reli tunamsikia.

Mimi, ambaye sijawahi kuingia katika ukumbi wa namna hiyo, ndiye mwenye mamlaka ya kuidhinisha.

Nijieleze kwa mpangilio, maana bila mpangilio nitaandika hasira tupu.

Kazi yangu inajulikana. Nina meza na kiti kwenye baraza la mashine ya kusaga, na watu huniletea shida zao ili nizipe maneno yanayostahili: ng'ombe walioingia shambani, mpaka uliosogezwa, mtoto aliyenyimwa uhamisho. Niliishia darasa la saba. Lugha ya barua nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili barua kuukuu ambazo marehemu baba, aliyekuwa kibarua wa reli, alizitumia kufungia tumbaku. Watu huniita Katibu ingawa sijawahi kuwa katibu wa chochote. Sikuwahi kuwasahihisha.

Majirani waliponijia kuhusu ukumbi huo, niliandika malalamiko yenye aya sita. Aya ya kwanza ilihusu usingizi wa wagonjwa, ya pili wanafunzi, ya tatu ibada za dini zote mbili. Zilikuwa hoja za kweli na ninazisimamia hata leo.

Kisha nikaandika aya ya nne.

Mtu alikuwa amenidokeza kwamba atakayepiga muziki humo ni mwanamke. Sikuuliza ni nani, anatoka wapi, wala ana tabia gani. Niliandika hivi: "Aidha, tumearifiwa kwamba mitambo hiyo itaendeshwa na mwanamke. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kuwa ametoka katika nyumba iliyokuwa na mzazi wa kumkanya."

Niliisoma mara mbili na nikaipenda. Nakiri hapa kitu ambacho sijamkiria mtu: sikuwa na ushahidi wowote. Niliiacha kwa sababu sentensi ilisimama vizuri.

Hapa kwetu barua ya malalamiko haisomwi kimyakimya. Mlalamikaji na mlalamikiwa huketi pamoja katika ofisi ya kata, na mtendaji huisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakusikia. Ni desturi nzuri. Nimeitetea miaka yote.

Jumatano asubuhi, siku ya kikao, nilimkuta mlangoni mdogo wangu Sesilia, ambaye huishi Manyoni. "Shikamoo, kaka." Nikaitikia, nikafurahi. Nilidhani amepitia kunisalimu akasikia nipo kikaoni. Kwa miaka minne amekuwa akiniambia anafanya kazi za sherehe, nami nilijiridhisha kwamba anapamba viti na kufunga vitambaa. Sikuuliza zaidi. Kuuliza ni sehemu ya kazi yangu, lakini yeye sikumuuliza.

Aliketi benchi la nyuma. Mtendaji akasoma. Alipofika aya ya nne alipunguza kasi, kwa kuwa niliiwekea alama nyingi za vituo.

Alipomaliza, mwenye ukumbi, Mzee Shabani, aliyekuwa mfanyabiashara wa asali kabla hajapata wazo hili, akasimama. "Mimi sina maneno mazuri kama ya Katibu," alisema. "Ila huyo dijei mnayemsema yupo humu. Sesilia, simama watu wakuone."

Akasimama.

Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Katibu! Si mdogo wako huyu? Mama yenu alipofariki si wewe uliyemlea? Sasa huyo mzazi wa kumkanya tumtafute wapi, kama siyo wewe?"

Ofisi nzima ilicheka. Sesilia hakucheka, hakulia, wala hakuniangalia. Alikuwa akitazama karatasi mkononi mwa mtendaji, jinsi mtu anavyotazama nyoka bila kujua ataelekea upande gani.

Alikuwa na miaka sita mama alipotutoka, baba akiwa ametangulia. Nilimpikia uji wa uwele, nikamsuka nywele vibaya, nikamsindikiza shuleni. Nyumba isiyokuwa na mzazi ndiyo ile yetu. Niliieleza kwa usahihi kabisa.

Kikao kilikubaliana kwamba ukumbi ufunguliwe, majirani wakaribishwe bure katika saa ya kwanza ili wajionee, na nyimbo za saa hiyo zipitiwe na mwakilishi wao. "Mpeni Katibu," akasema Mama Zuhura, "yeye ndiye anayejua lugha." Mzee Shabani akaafiki, lakini akaongeza sharti lake mbele ya wote: Sesilia yuko katika majaribio, na kama watu watainuka kuondoka kabla saa hiyo haijakwisha, Jumatatu ataleta dijei mwanamume kutoka Singida mjini.

Kwa hiyo kazi ya mdogo wangu imewekwa katika kalamu iliyomtukana.

Alhamisi na Ijumaa alikuja barazani kwangu na kompyuta mpakato. Aliniamkia, akaketi, akanipa visikilizio. Hakuitaja barua. Mimi nilichora jedwali lenye safu tatu: wimbo, maudhui, uamuzi.

Wasomaji wanisamehe, lakini nilichokisikia hakifai hata kwa mbuzi. Katika wimbo mmoja mwanamume anajisifu kwamba amemla mke wa rafiki yake, na kiitikio ni mlio wa mtu anayelamba vidole. Katika mwingine mwanamke anafananishwa na pikipiki isiyowaka mpaka ipigwe teke. Wa tatu una neno moja tu, "weka", lililorudiwa mara thelathini na saba. Nilihesabu. Weka nini? Wapi? Kwa idhini ya nani?

Nilimweleza kuhusu huo wa "weka". Akasema, "Kaka, na wewe kwenye barua moja unaandika 'tunaomba' mara ngapi?"

Nikaandika: HAUFAI.

Lakini ule wa pikipiki niliusikiliza mara tatu. Nilijiambia ni kwa ajili ya uhakika. Haikuwa kwa ajili ya uhakika. Nilitaka kuendelea kuchukizwa, kwa sababu kila nilipochukizwa na mtu yule anayeimba nilipumzika kidogo kujichukia mwenyewe.

Jioni ya Alhamisi nikampa orodha yangu. Niliweka mbele nyimbo zenye nguvu kuliko zote miongoni mwa zile safi: dansi lenye tarumbeta, kisha ngoma nzito, kisha kwaya moja yenye kasi. Niliamini kwamba anayetaka kushinda humpiga msikilizaji kwa hoja kubwa mapema, kabla hajachoka.

Sesilia aliisoma akatikisa kichwa. "Ukifanya hivi watu wanakimbia. Mtu ameingia sasa hivi, soda hajaagiza, hajui aketi wapi, mke wake bado anaona aibu. Unampigia tarumbeta sikioni? Nyimbo za kufungulia siyo za kucheza, kaka. Ni za kumfanya mtu asahau kwamba alitaka kuondoka. Unamshika taratibu. Mguu wake ukianza kugonga chini na yeye mwenyewe hajui, hapo ndipo unaongeza kidogo. Kidogo tu."

Akanionyesha. Alipiga wimbo mmoja wa gitaa, wa pole, na kabla haujaisha akaingiza mwingine chini yake bila mimi kutambua mpaka uko wapi. Alikuwa ameinamisha shingo upande, jicho moja amelifumba kidogo. Nimewaona mafundi wa mizinga ya nyuki wa vichaka vya huku wakisikiliza gogo namna hiyo kabla ya kulikata.

Nilielewa kwamba huyu ni fundi. Nilielewa pia kwamba fundi huyu amekamilika bila mimi kujua, umbali wa safari fupi ya treni, kwa sababu sikumuuliza swali moja.

Ijumaa tulibishana juu ya wimbo mmoja tu. Ulikuwa na beti safi lakini kiitikio cha kihuni. Nilisema, kwa sauti ambayo huitumia kwa maafisa, kwamba mtu aliyelelewa vizuri asingeuchagua.

Yalinitoka tu, kama aya ile ilivyonitoka.

Akavua visikilizio. Alisema jambo kwa Kinyaturu, lugha aliyokuwa akiitumia mama pale tulipokosea sana, na sitaliandika hapa. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, polepole. "Nimewapigia watu muziki kwenye harusi zaidi ya ninazoweza kukumbuka. Kuna walevi wamenishika mkono, kuna mabwana harusi wameniita majina. Nikitoka hapo najiambia, mimi nina kaka, na kaka yangu ana heshima zake. Hayo ndiyo nilikuwa najiambia, kaka."

Nilimwambia nitaandika barua nyingine kuifuta aya ile. Nilimwambia itakuwa na lugha nzuri, na nitaifikisha ofisini Jumatatu, ipigwe muhuri, iwekwe kwenye jalada lilelile.

"Ile ya kwanza ilisomwa kwa sauti," alisema. "Mama Zuhura yule hasomi majalada."

Akafunga kompyuta, akaondoka. Hakuaga. Katika maisha yake yote hajawahi kuondoka mbele yangu bila kuaga.

Usiku sikulala, lakini hayo si ya kusimulia. Leo mchana Mzee Shabani mwenyewe ameniletea orodha ya mwisho, ameiandika Sesilia kwa mwandiko wake ulionyooka, mwandiko niliomfundisha mimi. Imepangwa alivyotaka yeye: gitaa la pole, rumba mbili, taarabu moja ya kistaarabu, kisha inapanda. Nyimbo zangu za tarumbeta ameziweka mwishoni kabisa, na sasa ninaona kwamba mahali pake ni pale. Ule wenye kiitikio cha kihuni umo bado, namba tisa.

Namba sita si wimbo. Ameandika: "Katibu anasoma. Dakika mbili. Muziki unazimwa."

"Hiyo namba sita mimi siielewi," alisema Mzee Shabani. "Dijei gani anazima muziki katikati? Watu watainuka. Nimemwambia. Akasema nikuulize wewe Katibu, wewe ndiye mwidhinishaji, ukikata umekata."

Nimeikalia karatasi hii kwa saa mbili.

Ninaweza kuikata. Nina mamlaka, na nina sababu yenye sura nzuri kabisa: kimya cha dakika mbili kinaweza kumpotezea kazi. Ningeweza kuieleza sababu hiyo kwa maneno ambayo hata yeye angeshindwa kuyapinga. Nimeshaanza kuyapanga kichwani, yanakuja yenyewe, yanapendeza. Na hapo ndipo kinyaa kimenijaa kweli, kuliko kwa mlamba vidole, kuliko kwa pikipiki. Ninachafua kwa maneno masafi. Wale waimbaji angalau hawapigi muhuri.

Yeye anaijua hatari hiyo kuliko Mzee Shabani na kuliko mimi. Anajua kwamba watu wakiwa wameketi, wametulia, ndipo wanapoinuka kirahisi. Ameamua kuiweka kazi yake hapo hapo ili nisimame mbele ya watu walewale waliocheka.

Nimekata namba tisa. Kiitikio kile ni uchafu na nitasema hivyo hata mbele ya hakimu.

Namba sita sikuigusa. Nimetia sahihi.

Kisha nimeandika nitakachosoma. Nilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nikachana. Nikaanza na "Kwa heshima na taadhima", nikachana. Kilichobaki ni mistari minne. Inasema kwamba niliyoyaandika juu ya mwanamke yule yalikuwa uongo, kwamba sikuwa nimechunguza, kwamba anaitwa Sesilia, na kwamba nilimlea mimi na hakuniangusha. Haina "aidha". Inaonekana kama imeandikwa na mtu mwingine, asiye na elimu.

Nimeipeleka orodha mwenyewe, ndiyo maana mwandiko wa aya hizi za mwisho ni wa mtu aliyerudi akihema. Nilimkuta anafunga nyaya, amepiga magoti kwenye saruji. Alitazama namba sita kabla ya kutazama kilichokatwa. Kisha akaona namba tisa.

"Umeikata."

"Nimeikata."

"Sawa." Akaendelea na waya wake. Nilipofika mlangoni akaniita. "Kaka. Saa moja na nusu. Usichelewe, na usije na kamusi."

Sijui kama sauti yangu itatoka. Sijui kama watabaki vitini. Maji ya kuoga yamechemka, na ninakwenda.