Ubeti wa Nne Uliokatwa

Kisimamajongoo, Ng'ambo,
Unguja.
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ahmada,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nataka kujua kifua chako kimepoa, au baridi ya Rotterdam bado inakukohoza? Unakula? Mama yako, Bi Mwanakhamis, ameota umekonda, na tangu siku hiyo akipakua chakula anakuwekea na wewe sahani. Sisi tu hai. Nasema hivyo kwa makusudi, maana wiki hii neno hilo si dogo.

Barua hii atakuletea Mardhiya, anayerudi huko kwa mumewe keshokutwa. Simu yako haipokelewi tangu Jumapili, na haya siwezi kuyasema kwenye ujumbe wa sauti. Usishangae mwandiko. Mkono wangu wa kulia umeungua chai kutoka kiwikoni hadi kiganjani, na kalamu naishika kwa ncha za vidole.

Jumapili tarehe 10 ilikuwa harusi ya Salhiya wa Bi Sichana. Unajua mama huyo alivyoingoja siku hiyo, miaka minne tangu posa ya kwanza ilipovunjika, na wewe na mimi tunajua nani alipeleka maneno kwa wale wakwe wa mwanzo. Ni Bi Mwanapili, jirani yake wa ukuta mmoja. Kwa ajili ya wanawake hao wawili ndio nikautunga wimbo, ukautia sauti, Duni wa Bi Sichana akaupigia udi na Machano wa Bi Mwanapili ngoma. Mtoto wa huyu na mtoto wa yule, na wewe katikati. Kundi la Wanang'ambo lilizaliwa kwenye ugomvi wa mama zao.

Unakumbuka walivyokuwa wakiucheza. Ukifika ubeti wa tatu, Bi Sichana husimama na noti yake juu kwenda kutunza, akapita mbele ya Bi Mwanapili akimpepea nayo usoni: "Mwenye maneno kwapani, posa ya watu kavunja." Ukumbi unacheka. Halafu unaingia ubeti wa nne, na Bi Mwanapili husimama, akamshika mkono mwenzake wakatunza pamoja. Miaka miwili wamefanya hivyo kila harusi, mpaka ikawa ndiyo suluhu yao. Nje ya wimbo hawajawahi kuombana radhi.

Siku hiyo bendi haikupiga. Duni alikuwa kaka wa bibi harusi, ana shughuli zake, na tangu warudi kutoka huko kwako, mlikokwenda kurekodi, mwezi wa tisa, yeye na Machano walikuwa hawasemezani. Muziki aliuweka Sabri, mpiga santuri, na Sabri akaweka toleo lililo kwenye simu ya kila mtu. Toleo la huko. La dakika tatu.

Ilikuwa baada ya alasiri, wanawake kama mia mbili ndani ya maturubai, wakwe wapya kutoka Fumba wamekaa mbele. Bi Sichana akatunza kwa ubeti wa tatu. Safari hii noti alimgusa nayo mwenzake kwenye paji la uso, kwa furaha tu, nilimwona anacheka. Bi Mwanapili naye anacheka, keshasimama, keshajifunga kanga kiunoni, anangoja zamu yake. Ikaja ile midundo yenu ya mashine, dum, dum, na wimbo ukaisha. Sabri akaweka mwingine.

Bi Mwanapili akabaki amesimama peke yake.

Mkwe mmoja wa Fumba akamwuliza jirani yake, wala hakupunguza sauti, "Kumbe mvunja posa mwenyewe ndiye huyu?" Na mwingine, "Naye kaalikwa? Ama watu wa mjini wana moyo!"

Ummkulthum, binti wa Bi Mwanapili, akamrukia yule mama. Kofi la kwanza nililisikia juu ya muziki. La pili lilimpata Bi Sichana aliyekwenda kuamua, na hapo hakukuwa tena na wa kuamua. Viti vya chuma viliruka. Niliona bibi wa miaka sitini akivutwa kwa nywele mpaka ushungi ukabaki mkononi mwa mtu na kipande cha ngozi. Bi Sichana alimkaba Bi Mwanapili koo akimgongesha kichwa kwenye mlingoti, na kila akigonga anasema, "Cheka sasa! Cheka!" Birika la chai la watu hamsini lilipinduliwa, mimi nikiwa chini yake. Gauni la Salhiya lilikuwa jeupe, Ahmada. Lilitoka hapo na damu ya watu watatu, yake haimo.

Machano alisikia nje kwamba mama yake anauawa. Alichukua panga la muuza madafu akaingia. Duni alimkabili mlangoni, akainua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilichukua kidole cha kati na cha pete, likaendelea mpaka mfupa wa kiganja. Machano aliinua tena. Wanawake wanne walimwangukia kwa miili yao, na mmoja akamng'ata mkono mpaka akaliachia. Mimi nilivikusanya vidole vya Duni kwenye leso na barafu ya juisi. Hospitali walisema havirudi.

Usiku huo wajomba zake Duni walifika kutoka Makunduchi. Mlango wa Bi Mwanapili waliupiga mawe hadi alfajiri. Ule ukuta, ukuta wenyewe wa wimbo, waliuvunja kwa nyundo, na sasa kutoka jikoni kwa mmoja unaona kitanda cha mwingine. Machano yuko mahabusu. Wajomba wanasema wazi, akitoka tu, mkono wake ndio utakaolipa, na si vidole viwili. Nawaamini. Mmoja wao anakaa barazani kwetu kutwa, ananoa panga.

Sasa nije kwetu sisi wawili.

Nimefungua daftari langu la siku. Tarehe 4 Machi uliniandikia kwamba bwana wa studio anataka toleo la redio, wimbo ni mrefu, ubeti mmoja uondoke. Uliniuliza, "Da Kidawa, tukate upi?" Nikajibu, "Kata wa mwisho, wa tatu ndio wenye moto." Ndivyo nilivyoandika, wino wa buluu. Nilitaka sana wimbo wangu usikike huko. Basi usidhani nakuandikia nikiwa nimenawa mikono.

Kila Ijumaa ulinitumia namba ya wimbo wetu kwenye chati ya redio ya huko, nami nikaiandika. Mwezi wa sita tulikuwa wa nne, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Kisha kumi na moja. Mwisho wa Julai thelathini na mbili, na wiki mbili za Agosti hukuniambia kitu. Septemba niliandika, "Haumo." Hapo Duni na Machano wakarudi, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeukubali mdundo wa mashine, na wewe ukabaki kutengeneza toleo la tatu, fupi zaidi. Nimesikia litakuwa dakika mbili. Ubeti upi umebaki humo, Ahmada? Usiniambie, najua.

Wazee wameomba kikao cha suluhu Ijumaa tarehe 29, baada ya sala. Mama wote wawili wameulizwa wanataka nini. Bi Sichana, jicho limefumba kwa uvimbe, alisema, "Sitaki mbuzi wala fidia. Nataka Ahmada aje aimbe ubeti wa nne." Wakaenda kwa Bi Mwanapili aliyelala na shingo ya plasta, bila kumwambia mwenzake kasema nini. Naye akasema, "Wale wa Fumba walisikia wa tatu. Na wausikie wa nne, kwa sauti ileile." Wajomba wamekubali kungoja hadi siku hiyo. Baada ya hapo hawakuahidi.

Najua umetia saini na wiki hiyohiyo ni ya kurekodi. Sikupambii maneno: usipokuja, kijana uliyekula naye sahani moja atakatwa mkono, au atakata yeye. Kama umeusahau, ndio huu:

Na mimi sijatakata, maneno nimeyabeba,
Ukuta tuliupata, tangu bibi hadi baba,
Njoo uchote kwa kata, kisimani mwa mahaba,
Jirani tuache vita, ukuta wetu mwembamba.

Nisalimie mke wa Mardhiya… tazama, mkono umeshachoka, ni mume wa Mardhiya. Mama yako anakusalimu na radhi zake zote. Talib wa dukani anakusalimu. Salhiya yuko Fumba kwa mumewe, hajatoka ndani, naye anakusalimu.

Duni nilimtembelea leo asubuhi. Alikuwa ameuegemeza udi kwenye goti, bendeji inavuja, anajaribu kubana nyuzi kwa cha shahada na kidole kidogo. Nikamwambia, "Utajiumiza, mwanangu." Akasema, "Wa tatu haupigiki tena, Da Kidawa. Wa nne unapigika."

Mola akulinde njiani, maana nimeshajiaminisha kwamba uko njiani.

Mimi dada yako, nikupendaye na niliyekosa pamoja nawe,
Kidawa