Mama Anakuja na Ndoo ya Samaki, na Bosi Wangu Yuko Mezani

Anti Hester mpendwa,

Nimekwama, nisaidie, na tafadhali unijibu kabla ya Pasaka kwa sababu baada ya hapo hakutakuwa na la kujibu. Majina yote humu nimeyageuza ila samaki ni samaki yule yule. Niite Verona. Nina miaka thelathini na sita, kwetu ni Paarl, na huku Kathu, safari ya usiku kucha kwa basi, naendesha lori la mgodini, yale makubwa yanayopandwa kwa ngazi, na nyumba nimepanga pamoja na mwanamke mwenzangu Keitumetse ambaye naye ni dereva, yeye kwao ni karibu tu, upande wa Kuruman.

Anti, wewe ni mzaliwa wa kule kwetu, unajua Ijumaa Kuu ni samaki wa siki. Mama yangu, ambaye mtaani wanamwita Anti Magriet, huanza naye Jumanne, anakaanga vipande, anachemsha vitunguu na siki na sukari na bizari mpaka nyumba nzima inatokwa machozi, anapanga samaki na vitunguu tabaka kwa tabaka, halafu hakuna kugusa mpaka Ijumaa, analiwa baridi na mkate wa siagi, na majirani wote wanapata chao, Wakristo kwa Waislamu, kwenye vile vindoo vya aiskrimu, na kindoo cha mtu kwetu hakirudishwi kitupu. Sasa mimi Pasaka sijaenda nyumbani tangu nihamie huku, na sababu niliyompa mama ni kwamba bosi hanipi ruhusa. Si kweli. Zamu za sikukuu watu hujiandikisha wenyewe, na mimi huwa wa kwanza, na msimamizi wetu wa zamu, mzee Gawie, kila mwaka ananiuliza, "Verona, una hakika? Mama yako hatakununia?" nami namjibu mama hana neno.

Utaniuliza kwa nini. Anti, kwetu sikukuu ina meza mbili, meza ya wakubwa ndani na meza ya watoto barazani, na kwetu mtu hahamii meza ya ndani mpaka aolewe au aoe. Mdogo wangu Charnelle aliolewa akiwa na miaka ishirini na mbili, Pasaka iliyofuata akaingia ndani, na mimi dada yake nikabaki barazani mwaka baada ya mwaka kwenye stuli ya plastiki, magoti yamenifika kidevuni, namimina juisi na kupangusa pua za watoto wake. Nikamwambia mama, mama mimi ni mtu mzima, akanijibu mbele ya wajomba, "Ukija na mtu tutasogeza viti." Wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni niliumia sana, na huku mgodini walipotafuta madereva nikaondoka.

Pasaka ya kwanza mama alimpa dereva wa basi kindoo kidogo cha aiskrimu aniletee, nikakaa nacho mezani nikalia, nikaona siwezi kula peke yangu, nikamwita Keitu, na mzee Gawie alikuwa amepita kuleta makoti ya baridi, mke wake alifariki na watoto wake wako Australia, nikamwambia ingia mzee, kaa. Akaonja yule samaki akafumba macho. Akasema, "Aliyepika hiki, nikimwona nitampigia magoti." Basi ikawa desturi. Kila Ijumaa Kuu tukitoka zamu mchana watu wanakuja kwangu, mwaka huu mmoja, mwaka unaofuata wawili wengine, baridi huku inakuwa imeshaanza kuuma, kwa hiyo mimi napika supu nzito ya maharage na mifupa, nakaanga vitumbua vya boga na mdalasini, Keitu analeta kunde alizopika na mahindi, mzee Gawie analeta jamu ya tini, mtini wa marehemu mke wake huo, na katikati ya meza tunaweka samaki wa mama. Meza ni moja. Kila mtu anakaa anapotaka. Anti, nisikufiche, ndizo Pasaka nzuri kuliko zote nilizowahi kula.

Kindoo nilikirudisha kwa basi kimejaa jamu ya tini na kunde. Mama akapiga simu, akaniuliza, "Samaki alitosha?" nikasema alitosha. Mwaka uliofuata kikaja kikubwa zaidi. Kuna mwaka nilimwambia miiba ya samaki ilikuwa mingi, kwa sababu mzee Gawie ana meno ya bandia na mmoja ulimkwama, mama akauliza, "Umemkwama nani?" nikasema hakuna, nasema tu. Mwaka jana ikaja ndoo ya lita tano, ile ya mayonezi, na mwiba hata mmoja hakuna.

Huko nyumbani sasa. Charnelle ndiye aliyeniambia, huku anacheka, kwamba kila Ijumaa Kuu mama anasimama kanisani kwenye maombi anasema, "Bwana, mlainishe yule msimamizi wa mgodi anayemnyima mwanangu Pasaka," na kanisa zima linaitikia amina. Mzee wa watu anaombewa na kanisa zima alainike, naye muda huo huo yuko kwangu anapaka siagi.

Na juzi mama amepiga simu. Akasema, "Samaki wa mwaka huu simpi dereva. Nakuja naye mwenyewe."

Nikasema, "Mama, nitakuwa kazini."

"Kazini si unatoka? Nitakungoja. Mimi sina zamu."

"Safari ni ndefu, mama, na miguu yako."

"Miguu inakaa chini ya kiti, basi ndilo linalotembea. Na huyo bosi wako nataka kumwona kwa macho. Nina neno naye."

Keitu nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwambie mzee siku hiyo aje na kofia ngumu ya mgodini, mama yako anakuja na ndoo." Halafu akashauri tuseme mzee Gawie ni fundi bomba. Lakini mzee Gawie mwenyewe, nilipoponyokwa na neno kwamba mama anakuja, alifurahi kama mtoto, ameshanunua shati, amenionyesha, la bluu. Hajui kwamba kule Paarl yeye ndiye Farao. Nimefikiria nimwambie asije mwaka huu, nimefikiria nichukue likizo niwahi Paarl ili mama asisafiri, nirudi kwenye stuli yangu, nimefikiria kuzima simu. Nikimwambia mama ukweli atajua kwamba miaka yote hii sikunyimwa ruhusa, nilimkimbia, na ni mama yangu, ni mjane, sina mwingine. Naogopa asije akafunga mlango nisiwe na mama kabisa. Nifanye nini?

Wako,
Verona, Kathu

*

Verona mwanangu,

Barua yako nimeisoma na kikombe cha chai mkononi, na chai imepoa. Nianze na pole. Mwanamke anayejilisha na kuendesha lori kubwa kuliko nyumba yangu, kumkalisha na watoto kwa sababu hajaolewa, ni kumdhalilisha. Hilo la kusogeza viti mama yako alikosea, na kulisema mbele ya wajomba alikosea mara mbili, naye akiniandikia nitamwambia hivyo hivyo. Pole yenyewe inaishia hapo, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umekaa miaka yote hiyo unamchafua mzee wa watu. Alikuuliza kila mwaka kama una hakika, akakuletea koti, akakuletea tini za mti wa mkewe, na wewe umemwacha asemwe kanisani kama mtesaji. Eti sasa unataka umwambie asije, na shati keshanunua. Huoni haya? Na Keitu mwambie nimesema aache hiyo habari ya fundi bomba. Mama yako atataka bomba litengenezwe, kisha mtafanyaje.

Lakini kuna jambo umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe na hukulisoma. Nami nimepika huyo samaki tangu nikiwa na nywele nyeusi, kwa hiyo nakuomba unisikilize. Mtu mmoja, aliyenyimwa ruhusa, anayekula peke yake akitoka zamu, anatumiwa ndoo ya lita tano ya nini? Mama yako hajui kipimo? Mwanamke anayegawia mtaa mzima anajua kila nyumba ina midomo mingapi. Ulimrudishia jamu ya tini. Wewe umewahi kupika jamu, Verona? Ulimrudishia kunde zilizopikwa kwa namna ambayo Paarl hawapiki. Ukamwambia miiba imezidi, akakuuliza umemkwama nani, ukasema hakuna, naye akakaa na kibano mwaka uliofuata akatoa miiba yote, vipande vya kujaza lita tano, kwa ajili ya huyo hakuna. Na mikono yenyewe, ikiwa miguu iko hivyo, sidhani ni mizima.

Mama yako anajua, mwanangu. Hajui jina wala uso, lakini anajua una meza na meza ina watu. Kila mwaka amekuwa akipanua ndoo akingoja umwambie, na wewe kila mwaka umemjibu "alitosha". Sasa amechoka kungoja kualikwa. Hiyo ya kuja kumgombeza bosi ni sababu ya kupandia basi tu, kama wewe ulivyokuwa na sababu ya kutopanda. Mmetoka chungu kimoja nyinyi wawili.

Huenda nimekosea. Huenda yale maombi anayaomba kwa moyo wake wote na basi linaleta vita. Hata hivyo dawa ni ile ile.

Kesho ukifika kazini, kabla ya kupanda ngazi ya lori, nenda kwa mzee Gawie ukamwambie uso kwa uso ulichosema juu yake. Usimwandikie ujumbe kwenye simu. Mwombe radhi, na shati mwambie alivae. Nadhani atacheka, lakini kama hatacheka pia ni haki yake, na umwache.

Kisha mpigie mama yako wiki hii hii. Usingoje wiki ya samaki, maana mwanamke mwenye siki jikoni hasikii la mtu. Mwambie bosi hajawahi kukunyima hata siku moja, ni wewe uliyejiandikisha, na umwambie ni kwa nini. Usizunguke. Sema stuli ya plastiki, sema baraza, sema wajomba walicheka na iliuma. Usimlaumu Charnelle, yeye aliolewa tu, hakuiba kitu. Halafu usikate simu kabla hujamwalika. Sema neno lenyewe, "Mama, nakualika Pasaka kwangu," kwa sababu hajawahi kulisikia kutoka kwako, na mtu hapaswi kusafiri usiku kucha na ndoo magotini kwenda asikoalikwa, hata kama ni kwa mwanawe.

Atanuna. Anayo haki ya kununa, mwache anune mpaka Alhamisi Kuu akishuka kwenye basi. Pale pokea ndoo kwanza, maana ni nzito na amechoka, ndipo usalimie. Mlaze kitanda chako. Kabla ya zamu usimwache akatekate wala kumenya chochote. Vitunguu vya supu menya wewe, boga ponda wewe, yeye mpe chai na blanketi, kwa sababu baridi ya huko Kathu hajaizoea. Habari ya kanisa usijitwike, mama yako atajua la kuwaambia; kwanza watafurahi, watasema maombi yamejibiwa na msimamizi amelainika.

Ikifika mchana watu wako wakaingia, mwache mzee Gawie apige hayo magoti yake kama alivyoahidi. Umeniambia kwenu meza ni moja na kila mtu anakaa anapotaka. Siku hiyo moja usifanye hivyo. Mama yako ni mjane, hataingia na mtu. Atasimama mlango wa jikoni na ndoo yake, hajui akae wapi kati ya watu asiowajua, na hapo ndipo atakapojua ulivyokuwa unajisikia. Usimwache asimame hivyo muda mrefu. Inuka wewe mwenyewe, vuta kiti chako mwenyewe, kile cha karibu na samaki, umwambie, "Mama, umekuja peke yako, na sisi tumesogeza viti."

Kisha nyamaza, umpakulie.

Anti Hester