Lori Lisilokuwepo

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepunguza makelele? Sisi tupo, ila baba ni mzima nusu.

Unanijua, mbele za watu ulimi wangu hufa ganzi, ndiyo maana naandika. Daktari wa figo anaongea Kiingereza mwanzo mwisho, na mkalimani wa baba ni mimi. Juzi aliuliza wazazi wa baba walikufa na nini. Baba akacheka: "Mwambie waligongwa na lori. Lori halirithiwi." Daktari hakucheka. Akataka nihakikishe.

Nimefunua magazeti ya mwaka waliokufa maktaba mpaka vidole vikawa vyeusi. Hakuna ajali. Nikaenda ofisi ya makaburi. Karani akaniuliza, "Binti, unatafuta urithi?" Nikamwonyesha daftari la maziko kwa kidole. Daftari linasema babu alizikwa Machi, na bibi Februari iliyofuata. Sababu haikuandikwa. Shangazi, lori gani linaua mmoja, halafu linasubiri miezi kumi na moja limrudie mwingine?

Sina hata picha yao. Niambie walikufaje.

Mtoto wa mdogo wako


27 Februari

Bubu wangu,

Marahaba. Goti lina maneno kuliko mimi. Mdogo wangu anakula?

Barua yako nimeilalia wiki mbili chini ya godoro. Watoto wa siku hizi mnafukua hadi wafu. Haya.

Babu yako alikuwa fundi saa. Figo zilimvimba, tumbo likawa kama la mjamzito. Watu wakimcheka njiani anawaambia, "Subirini, nitajifungua saa ya ukutani." Akafa na miaka arobaini na minne. Baba yake alikufa vilevile, na ami yake. Bibi yako akageukia ukuta, akaacha kula. Huo wake sijui unaitwaje hospitali.

Mtaa ulishasema nyumba yetu ina mkosi. Wakati huo mimi nina miaka kumi na tisa, mdogo wangu mitatu, kila siku "mama kaenda wapi?" Alipopata akili nikampa lori. Ajali haina kinga, na haina maswali. Kila mwaka ukipita, kulirudisha kukawa kugumu zaidi.

Nimesaidia? Nijibu upesi.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo siulizi habari za goti.

Nilimtafsiria daktari barua yako. Akaweka kalamu chini. Akasema kama ingejulikana miaka kumi na tano nyuma, baba angepimwa, angeanza vidonge vya presha, na figo zingemfikisha mbali. Sasa zimekwisha. Baba akaniuliza, "Anasemaje?" Nikajibu, "Anasema asante."

Nyumbani nikashindwa, nikamwaga yote. Chai ya baba ikapoa mezani. Kisha akasema, "Mwandikie dada kwamba sina kinyongo."

Yeye hana. Mimi ninacho. Daktari anataka kunipima na mimi, na usiniulize kama naogopa.

Uliuliza kama umesaidia. Hapana.

Binti wa baba yangu


30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti vipi? Unakula? Tangu Machi uko kimya, na najua kosa ni langu. Niliandika lile neno nikalitia stempu kabla hasira haijapoa. Mdomoni nisingethubutu. Nisamehe.

Nilipimwa. Majibu yapo kwenye bahasha, sijaifungua.

Daktari haniiti tena nitafsiri. Siku hizi wodini ananishika bega tu, anapita. Macho ya baba hayasomi, lakini kila jioni anauliza kama barua ya dada yake imefika. Jana nilichoka kusema bado. Nikashika daftari langu la jiografia, nikamsomea barua niliyoitunga papo hapo: kwamba unamsalimu, unamwomba radhi, unakuja.

Alisikiliza hadi mwisho, amefumba macho.

"Hiyo si ya dada," akasema. "Dada hajaomba radhi tangu azaliwe."

Nikafunga daftari.

"Nani kakuambia ufunge? Isome tena."

Bintiyo