Ukanda Tusioulima Kando ya Mto

Mjukuu wangu Neema,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu masika. Hapa Ubaruku sote tu wazima na mpunga umevunwa. Kutoka huko chuoni Iringa umeniuliza kama tumruhusu baba yako mdogo alime ule ukanda tuliouacha wazi hadi mtoni.

Nilipokuwa msichana, tuta la jaruba letu la mpunga lilibomoka mahali pale pale kila asubuhi, maji yakatoroka. Kaka yangu Ambele akamwendea jirani yetu, Mzee Sanga, kwa hasira.

"Mzee, unatuibia maji!"

Mzee akacheka, akampeleka hadi pale tuta lilipobomoka. "Kijana, weka mguu wako katika unyayo huu. Mimi nina vidole vinne?"

Kesho yake kulipopambazuka, mimi na kaka tukajificha kwenye matete. Kiboko akatokea, anarudi mtoni kutoka malishoni, akapita katikati ya tuta kana kwamba halipo! Nilimng'ang'ania kaka mkono kwa hofu na furaha. Pembeni hakukanyaga hata mche mmoja. Alifuata njia waliyoichimba viboko kwa miguu kabla sisi hatujafika hapa Usangu. Tukalisogeza tuta na kuiacha njia yao wazi, ndio ukanda huo, Ambele akaenda kuomba radhi, na halikubomoka tena.

Neema, Jumatatu nimeona nyayo mbichi pale pale! Nimezipima kwa fimbo mara mbili. Baba yako mdogo amekwisha kukodi pawatila ya kuulimia. Jumapili baada ya ibada tutafanya kikao, nami nitawapeleka wote wakazione nyayo hizo kwanza. Tukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Bibi yako