Vitabu vya Nyambura Havikuwa vya Kufungia Njugu

Kwako Dada Wairimu,

Nakusalimu kutoka huku Poland, wewe pamoja na shemeji. Natumai kifua chake kimepoa na kwamba baridi ya Julai haijawasumbua sana hapo Ruiru. Mimi ni mzima. Masomo ni magumu, na jioni naosha vyombo kwenye hoteli moja mpaka vidole vinakunjamana. Lakini sijaandika ili nikueleze habari za vyombo. Nimekukasirikia, Dada, na kwa simu ungenikatia.

Jumapili nilipoongea na binti yako Nyambura, nilimuuliza amefika wapi na vile vitabu vya hadithi nilivyomletea Desemba. Akanijibu mimi, mama yake mdogo, "Tata, Mami alipatia mama wa njugu hapo steji ya matatu, ya kufungia." Nikadhani mtoto amechanganya mambo. Nikakuuliza wewe, nawe hukuona haya hata kidogo. Ukaniambia, "Hadithi haziko kwa mtihani, Njeri. Wacha asome kitu itamsaidia."

Mimi nilisaidiwa na nini? Umesahau tulivyolelewa pale mtaa wa Landless? Mama alikuwa akiuza njugu kwenye geti la kiwanda, na karatasi za kufungia alizinunua kuukuu, zikiwa zimechanganyika: madaftari, magazeti, vitabu vilivyochanika. Mama hajui kusoma. Lakini kabla hajakunja hata moja, alikuwa akipekua rundo lote akitafuta kurasa zenye picha, maana kwake picha ndiyo iliyokuwa alama ya hadithi, kisha anaziweka chini ya godoro langu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma. Nilijua fisi alianguka kisimani, sikujua alitokaje. Nilipofika darasa la sita mwalimu akaniazima kitabu kizima, nikashangaa kugundua kwamba hadithi huwa zinaisha. Tangu hapo sijawahi kukaa bila kitabu, na vitabu ndivyo vilivyonifikisha chuo, si zile karatasi za marudio ulizokuwa ukikariri.

Na wewe ulikuwepo. Ni wewe uliyekuwa ukikunja na Mama, na kila jioni ulimwona akitenga zile kurasa. Binti yako wa pili, huyu Nyambura, ukampa jina la Mama kama desturi inavyotaka, na mbele ya wageni unamwita "Mama" kwa sauti ya upole. Kisha huyo huyo unamnyang'anya vitabu, unampa mtu avichane. Mimi nauita ukatili, na neno hilo sitalipunguza.

Nilimwambia Nyambura nitamtumia vingine. Unajua alinijibu nini? "Usitume, Tata. Siku hizi sipendi kusoma." Yuko gredi ya tatu, Wairimu! Desemba alikuwa akilala na kitabu kifuani, nikikitoa anaamka analia. Nilikata simu nikaketi jikoni, na kazini nilichelewa.

Mpe salamu mjomba wetu wa Ngoingwa, na yule jirani yako anayemchukua Nyambura shuleni. Mama usimpelekee salamu zangu kwa simu. Nenda Landless wewe mwenyewe, na Nyambura umshike mkono, umwambie Mama vile vitabu vilienda wapi. Mimi nimejaribu kumwambia nikashindwa.

Ni mimi mdogo wako, hasira bado ninayo,
Njeri