Nyumba Iliyohama

Nyumbani, chumba cha juu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na wifi je? Mafua ya mtoto yamekwisha? Sisi tu wazima, na naomba barua hii ikukute umeshakula, maana ukiisoma na njaa utaanguka. Baba yu hai. Nalitanguliza hilo kabla ya yote.

Mashua yake imevunjika, kaka. Haipo tena. Imegonga mwamba hapo mdomoni mwa bandari, mchana kweupe, bahari shwari, nami nikiitazama kutoka dirisha la karakana yetu ya kushona matanga. Nilikuwa na sindano mkononi. Niliona tanga likija vizuri, nikasema leo tutakula pamoja. Ghafla mlingoti ukalala ubavu, na kishindo kikafika baadaye, kama mlango uliobamizwa. Mpaka sasa nikifumba macho nauona ukilala. 

Mabaharia wake wawili waliogelea hadi gatini. Baba aliopolewa akiwa ameukumbatia usukani, hataki kuuachia. Aliumia mbavu, akalazwa hospitali.

Kilichotuduwaza si ajali peke yake. Baba anaujua mwamba ule kuliko anavyotujua sisi wanawe. Unakumbuka alivyokuwa akiwacheka wanaofuata maboya: boya huhama, nyumba haihami. Yeye akiingia bandarini alitafuta ukuta wetu mweupe, akageuza mashua mpaka auone umesimama sawasawa chini ya tangi la maji la kule mlimani, akaja moja kwa moja bila kuugusa mwamba. Habari hiyo ametusimulia kila tulipokaa kula, mpaka tukaacha kuisikiliza.

Sasa sikia. Baba akiwa safarini, Mama aliamua kumfanyia jambo la kumfurahisha. Alipaka ukuta wote wa mbele rangi ya kijani, akapanda ngazi mwenyewe na magoti yake yale. Ikapendeza kweli. Chokaa iliyobaki stoo akampa fundi saa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, naye kwa furaha ya kitu cha bure akapaka ukuta wake siku hiyohiyo. Hakuna aliyeifikiria bahari. Baba aliona ukuta mweupe, akauweka chini ya tangi, akaufuata hadi mwambani.

Nilipokimbilia nyumbani siku ile kutoa habari, nilimkuta Mama ameketi sakafuni chini ya dirisha. Alisema neno moja tu: ukuta.

Baba hakuyajua hayo. Kule wodini alishikilia kwamba macho yamemwisha. Daktari wa macho alimpima akasema hayana kasoro, Baba akamwona muongo. Akatuambia bahari basi, na dira yake kuukuu iliyotundikwa jikoni tuishushe, tumpe yeyote anayeitaka. Baba bila bahari, wewe unamjua. Alilala ameelekea ukutani kama mtoto aliyenuna, hata chai hataki.

Mama kila alipokwenda kumwona alikwenda ameazimia kusema, na kila mara alirudi na ulimi mzito. Kisha nikamkuta anakoroga chokaa mpya, airudishe nyumba kama ilivyokuwa kabla Baba hajatoka. Nilimnyang'anya ndoo. Namwonea huruma Mama, lakini sikutaka Baba amalize maisha yake akijiona kipofu.

Juzi aliruhusiwa. Tulipanda mtaa wetu taratibu, amenishika mkono, kichwa chini. Tulipokaribia nyumbani akainua macho, akaongeza mwendo, akaupita mlango wetu. Akaupita, kaka.  Akaenda hadi nyumba ya tatu na kusukuma mlango wa fundi saa. Fundi akatoka na kile kioo chake kimebanwa jichoni, wakatazamana. Baba akaupapasa ukuta, akageuka akautazama wetu, kisha tangi kule juu. 

"Nyumba imehama," akasema.

Mama akatoka na kuyamwaga yote palepale barabarani, mbele ya fundi saa na kioo chake.  Baba aliuachia mkono wangu, akateremka peke yake hadi gatini, na kutoka dirishani tukamwona akipigiwa makasia kwenye kidau cha watu mpaka mdomoni mwa bandari, pale zilipobaki mbao chache. Alikaa hapo muda mrefu, ameelekea huku kwetu. Mama alikuwa amezishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Hatukujua atarudi na neno gani.

Alirudi, akaingia jikoni, akaketi pale pake pa siku zote.

"Kijani kinaonekana vizuri kutoka kule," alimwambia Mama. "Kiache hivyohivyo. Ila fundi saa abadilishe rangi yake."

Mama hakuwa ametoa chozi tangu siku ya ajali. Alilia mpaka chai ikapoa, na Baba akainywa hivyohivyo.

Mashua hatuna, na kesho sijui tutaanzia wapi. Lakini dira nimeirudisha kwenye msumari wake. Mpe wifi salamu zangu na umbusu mtoto. Mama anakusalimu, Baba pia, na fundi saa, ingawa amenuna. Mungu awatunze huko mliko, awaepushie habari za ghafla kama hii. Na siku ukija, usitafute ukuta mweupe.

Mimi mdogo wako, anayekupenda sana,
Kitindamimba